Uongo Juu ya Ufunguo

Siku Mokami alipotoka na gari kwa mara ya kwanza, watu wa Nyangoto walisimama milangoni kumtazama kana kwamba anapita bwana harusi. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mjane, mama wa watoto watatu, na mpaka siku ile kazi aliyojulikana nayo ilikuwa cherehani. Gari lenyewe ni Probox nyeupe aliyoiacha marehemu mumewe, Konstantino. Lilikuwa limekaa uani miezi minane, kuku wakitagia chini yake, na kila mtu akijua kwamba siku moja Waitara, mdogo wa marehemu, angekuja kulichukua. Waitara alikuja kweli. Akakuta shemeji yake ameshajiandikisha shule ya udereva Tarime mjini.

"Shemeji," Waitara alimwambia, "gari si cherehani."

"Najua," Mokami alimjibu. "Cherehani ni ngumu zaidi."

Maneno hayo yalizunguka kijiji kizima, wanawake wakayacheka kisimani, na Waitara hakuyasahau. Kila walipokutana alikuwa na jambo lake la kusema: mwanamke hawezi kutunza gari, mwanamke atakuja kuliacha porini, ngojeni mtaona. Walingoja miaka saba. Mokami alibeba akina mama wa sokoni na magunia yao mpaka Mugumu, akabeba wagonjwa, akabeba hata maiti pale ndugu walipokosa gari lingine, na hakuna aliyepata la kuona.

Fundi wake alikuwa Mboje, Msukuma aliyekuja miaka ile ya watu kuchimba dhahabu huku na huku. Dhahabu hakuipata. Alichopata ni kipande cha kivuli kando ya barabara, akaezeka mabati manne, akaanza kutengeneza pikipiki, kisha magari. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alilisikia gari la Mokami likipanda kilima kabla hajaliona, na likifika alisema tu, "Mama, linakohoa," akainua boneti. Wiki moja kabla ya mkasa huu gari lilikuwa limelala kwake siku mbili akibadilisha klachi.

Wakati huo wizi wa magari ulikuwa umeshaanza kuwakosesha watu raha. Zamani huku Mara hofu ilikuwa ni ya ng'ombe. Ng'ombe akiibwa, yowe linapigwa, wanaume wanafuata nyayo mpaka wamjue aliyempokea. Gari haliachi nyayo. Noah ya mwalimu mmoja ilipotea nje ya kanisa ibada ikiendelea, na lori dogo la mfanyabiashara wa mahindi likaibwa dereva akinywa chai hatua ishirini tu kutoka lilipo. Pikipiki watu walikuwa wameacha hata kuzihesabu. Ilisemekana magari yanavushwa mpaka upande wa Sirari, mengine yanachinjwa vipuri humu humu nchini, na Probox ndiyo inayopendwa kuliko zote maana vipuri vyake vinauzika kila kona.

Mokami aliyasikia haya yote. Aliyasikia kama mtu anavyosikia habari za msiba wa mbali.

Jumanne moja asubuhi, jirani yake Nora alimgongea dirisha. Mkwewe, Agness, alikuwa na uchungu wa mimba ya kwanza tangu usiku, na muuguzi wa zahanati alikuwa amesema wasingoje, wampeleke hospitali. Nora alikuwa na dada yake Mugumu wa kumpikia mzazi, kwa hiyo wakaamua huko. Walimlaza Agness kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mama mkwe, na Mokami akaondoka.

Ile barabara aliijua kila shimo, lakini siku hiyo alihisi kama imerefushwa. Walipovuka daraja la mto Mara, Agness aliacha kupiga kelele, akaanza kuguna chini chini kama mtu anayebeba mzigo. Nora akasema, "Mokami, mama, mtoto yuko njiani." Mokami akakanyaga mafuta.

Alisimamisha gari nje ya lango la hospitali. Nora alishuka na kuvuta kikapu cha nguo, asiweze kusaidia kumbeba. Agness alimkumbatia Mokami shingoni kwa mikono miwili na kumning'inia. Mokami alimbeba hivyo hivyo, kama anavyobebwa mtoto mkubwa, akapita naye langoni akiita wauguzi. Nyuma yake gari lilikuwa linaunguruma, ufunguo ukiwa mahali pake.

Mtoto alizaliwa hata kabla hawajamfikisha kitandani vizuri. Wa kike, mzima, mwenye sauti. Mokami alisaidia kushika hiki na kile, akanawa mikono, akacheka na Nora, na ilikuwa kama nusu saa hivi alipotoka nje.

Gari halikuwepo.

Kwanza alidhani amekosea lango. Akaenda mpaka kwenye kona na kurudi. Mama mmoja aliyekuwa akiuza machungwa upande wa pili alimwangalia akihangaika, akamuuliza anatafuta nini.

"Gari. Probox nyeupe."

"Si mdogo wako amelichukua? Kijana mwenye shati la bluu. Alinisalimia vizuri kabisa, akafungua mlango, akaingia, akaondoka taratibu. Nikajua ni wenu."

Mokami alikaa chini palepale kwenye vumbi.

Kituo cha polisi alipokelewa na askari wa kike, Koplo Jenipha, mtu wa uso mkavu aliyeandika bila kuinua macho. Jina, kijiji, aina ya gari, saa. Kisha akauliza, "Gari ulikuwa umelifunga?"

Swali lilikuwa jepesi. Lakini Mokami hakumwona Jenipha mbele yake. Alimwona Waitara, na nyuma ya Waitara wanaume wote waliongoja miaka saba. Alisikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Nililifunga."

"Ufunguo uko wapi?"

Shingoni alikuwa na kipochi cha kitambaa alichokishona mwenyewe, na ndani yake, pamoja na leseni, mlikuwa na ufunguo wa akiba. Aliutoa akauonyesha. Jenipha aliutazama, akaandika.

"Namba ya chasisi?"

"Siijui."

"Kadi ya gari?"

"Imo ndani ya gari. Kwenye kile kidroo cha mbele."

Hapo ndipo Jenipha alipoinua macho. "Mama, umempa mwizi gari na hati yake."

Habari zilifika Nyangoto kabla yake. Waitara alikuja jioni hiyo, na jambo lililomshangaza Mokami ni kwamba hakumcheka. Alikuwa na hasira ya kweli, hasira ya mtu aliyeibiwa mali ya kaka yake. Alimuuliza kila kitu mara mbili. Ulilifunga? Nililifunga. Kioo hakikuvunjwa? Sikuona vipande. Huyo mtu alifungua tu mlango akaingia? Mwenye machungwa ndivyo alivyosema.

Waitara aliwatazama majirani waliokuja kutoa pole. Kisha akasema, "Basi ana ufunguo. Nani amewahi kukaa na ufunguo wako?"

Hakukuwa na haja ya kujibu, maana jina lilikuwa kwenye vinywa vya wote waliokaa pale. Siku mbili kwa Mboje, wiki iliyopita tu. Mtu wa kuja. Hana ukoo hapa, hana ng'ombe hapa, nani anajua ndugu zake ni akina nani?

"Mboje si mwizi," Mokami alisema.

"Unajuaje?"

Angeweza kusema hapo. Baadaye alijihesabia mara ngapi angeweza kusema, na hapo palikuwa pa kwanza. Alisema tu kwamba anamfahamu, na watu wakatikisa vichwa kwa kumhurumia, mjane mwema asiyejua watu.

Jumatano alijiambia kwamba maneno yatapoa. Alhamisi alipita karibu na banda la Mboje, akamkuta amechuchumaa anafungua tairi, na fundi akamwamkia, "Shikamoo mama. Pole sana na gari. Wananitazama vibaya, sijui kwa nini." Mokami akasema marahaba, akasema asante, akaondoka haraka. Usingizi haukuja, chakula kilikuwa kama majani mdomoni. Alijua kabisa analofanya. Hakuna mtu wa kumwambia kwamba hakujua.

Ijumaa saa nne asubuhi Nora alikuja mbio, kanga imemvuka begani. "Mokami! Wamemtoa Mboje bandani. Wanampiga!"

Alikimbia bila viatu. Umati ulikuwa umejaa barabara nzima, wanaume na vijana wa kuchimba, wengine hawakujua hata gari ni la nani. Mabati ya banda yalikuwa yameng'olewa. Mboje alikuwa chini, damu machoni, na mkono wake wa kulia ulikuwa umelazwa juu ya jiwe. Mtu mmoja alikuwa ameshaupiga kwa kirungu, na vidole vilikuwa vimeelekea upande ambao vidole haviendi. Kijana mmoja alikuwa ameshika tairi. Mwingine anauliza nani ana petroli.

Mokami alipenya kwa viwiko. Alipofika katikati alijitupa juu ya Mboje, wakashindwa kumpiga bila kumpiga yeye.

"Toka, shemeji!" Waitara alipaza sauti. "Anataja wenzake sasa hivi!"

"Hana wenzake! Mimi ndiye niliyeacha ufunguo!"

Waliokuwa mbele walisikia, wa nyuma wakaendelea kupiga kelele. Ikabidi aseme tena, amesimama sasa, mikono juu, sauti ikipasuka. "Niliacha gari linaunguruma! Ufunguo ulikuwa ndani! Nilimbeba Agness nikaacha gari linaunguruma langoni, nikawadanganya polisi, nikawadanganya ninyi. Mboje hajui lolote."

"Unamtetea tu," Waitara alisema, lakini sauti ilikuwa imeshuka. "Ufunguo si uliwaonyesha polisi?"

Mokami alivuta kipochi shingoni mpaka uzi ukakatika. Akamwekea Waitara ufunguo mkononi. "Utazame. Ule wa kaka yako ulikuwa umelika mpaka maandishi yakafutika. Huu unang'aa, haujaingia kwenye gari hata mara kumi. Ni wa akiba."

Waitara aliugeuza kiganjani. Wazee wawili waliokuwa karibu nao wakautazama. Yule mwenye tairi aliliacha taratibu chini, akarudi nyuma, na watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja wakitazama ardhi, kama watu wanaotoka kwenye msiba usiowahusu. Muda si mrefu barabarani wakabaki Mokami, Nora, Mboje anayelia bila sauti, na Waitara akiwa bado ameushika ule ufunguo.

Mwenye Noah mmoja alikubali kumpeleka Mboje hospitali Tarime. Jioni polisi walikuja wakakamata vijana wawili. Waitara hakuonekana tena kijijini kwa muda wa wiki sita. Ilisemekana yuko kwa wajomba, upande wa pili wa mpaka.

Wazee waliitisha iritongo, ule mkutano wao wa kuhukumu makosa ya ukoo, na Mokami akasimama mbele yao akasema yote tangu mwanzo. Alitozwa ng'ombe wa kumwosha Mboje damu, fidia ya majeraha yake. Mzee mmoja alimuuliza kwa nini alidanganya. Alifikiri, kisha akasema kwamba aliogopa kuchekwa. Yule mzee akarudia polepole, "Kuchekwa," kana kwamba anaonja neno geni, na hakuuliza tena.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa Mugumu. Koplo Jenipha alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga jalada.

"Unajua siku hizi zote tumekuwa tukimtafuta mchongaji funguo? Tumewahoji mafundi watatu. Gari limekwenda, sisi tuko kwa mafundi."

"Nisamehe, afande."

"Namba ya chasisi umepata?"

Hakuwa ameipata. Jenipha akamwambia bila hiyo namba hata wakilikuta gari hawatalijua, maana namba za usajili na rangi vinabadilishwa kwa siku moja. Aende ofisi ya mapato, au amtafute yeyote aliyewahi kuiandika.

Mokami alimjua mmoja tu.

Alimkuta Mboje wodini, mkono umefungwa bendeji nyeupe mpaka kwenye kiwiko, uso ameuelekeza ukutani. Alimwomba msamaha. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha jirani mpaka muda wa kuona wagonjwa ukakaribia kwisha, na alipoinuka kuondoka ndipo Mboje aliposema, akiwa bado anatazama ukuta, "Namba ya chasisi imo kwenye daftari langu. Niliiandika wakati naagiza klachi. Kama hawajalichoma."

Hawakuwa wamelichoma. Nora ndiye aliyelipata chini ya mabati, limekanyagwa, kurasa zimeshikana kwa oili. Namba ilisomeka.

Kabla gari halijapatikana, Jenipha alikuja Nyangoto kuzungumza na wenye magari na pikipiki ofisi ya kijiji, na akamtaka Mokami asimame aseme. Mokami hakuwahi kuzungumza mbele ya watu zaidi ya siku ile ya barabarani na ile ya iritongo. Alisema, "Msizime gari kwa sababu ya kuambiwa. Zimeni kwa sababu yangu. Hata kama umebeba mtu anayekufa, sekunde ya kuchomoa ufunguo ipo. Ipo. Nimeihesabu." Akawaambia kadi ibaki nyumbani, namba ya chasisi iandikwe mahali pawili, mwosha gari asipewe ufunguo ukaondoka. Mtu mmoja nyuma alicheka. Mokami alimngoja amalize, akaendelea. Jenipha akaongeza habari za kuchonga namba kwenye vioo vyote, za kufuli la usukani, za swichi ya siri inayokata mafuta ili gari lizime baada ya hatua chache. Wiki ile ile madereva wanne walichonga vioo vyao. Wengine walisema Mungu atalinda.

Gari lilipatikana baada ya wiki saba, ndani ya ua wa ghala la mahindi si mbali na Sirari. Lilikuwa limepakwa rangi ya bluu, viti vya nyuma havipo, redio haipo, taa hazipo, nyaya zimening'inia kama utumbo. Waliokuwa wakilichezea walikimbia. Namba za usajili zilikuwa za uongo, lakini chasisi walikuwa bado hawajaifikia, na ilipolinganishwa na lile daftari la oili ilikuwa ileile. Mokami alipoliona hakufurahi kama alivyodhani atafurahi. Aliligusa boneti akasikia aibu, kama mtu aliyekutana na mgeni anayeijua siri yake.

Mboje alikuwa ameshaondoka Nyangoto. Alihamia Natta, akipata kazi za magari ya kambi za watalii. Mafundi wengine walikuwepo, wa karibu, lakini Mokami alilikokotesha gari mpaka Natta. Waitara, aliyekuwa amerudi kimya kimya kutoka kwa wajomba, alimrudishia ule ufunguo wa akiba na kujitolea kwenda naye. Mokami akamwambia abaki.

Mboje alilitazama gari muda mrefu. "Limekonda," alisema.

Alilifanyia kazi siku tano. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikukunja tena, na skrubu ndogo zilimponyoka, akaziokota kwa mkono wa kushoto bila kulalamika. Mokami alimshikia tochi, akampa spana. Walizungumza habari za nyaya tu. Alijaribu mara moja kurudia msamaha wake, na Mboje akasema, "Mama, nipe koleo," basi ikawa imeisha.

Siku ya tano gari lilipowaka, Mokami akamwomba amfungie ile swichi ya siri. Mboje alitoa swichi ndogo kwenye kopo, akakata waya, akampa vyote viwili.

"Utafunga mwenyewe."

Mokami aliutazama ule mkono. "Nimekuelewa. Ni kazi ya vidole, nitakusaidia."

"Si kwa sababu ya mkono." Mboje alifuta oili kwenye suruali. "Nitakuonyesha waya wa kukata na namna ya kuunga. Nikishamaliza kukuonyesha, nitatoka nje. Utachagua mahali pa kuificha, utaifunga, na hutaniambia ni wapi. Gari likiibwa tena, nataka niwe sijui."

Mokami alitaka kusema kwamba halitatokea tena, kwamba safari hii angesema ukweli hata akichekwa na wilaya nzima. Badala yake alisikiliza maelezo, akarudia kila hatua mpaka Mboje akatikisa kichwa kukubali. Kisha fundi akachukua kigoda chake, akakipeleka mpaka upande wa pili wa barabara, akakaa akiwa ameligeuzia gari mgongo.

Ilimchukua Mokami saa mbili. Alijikata kidole, akaunga vibaya mara ya kwanza, akafungua tena. Alipomaliza alijaribu: gari liliwaka, likaenda kidogo, likazima lenyewe. Akabonyeza mahali anapopajua yeye peke yake, likawaka tena. Alitoka, akavuka barabara kumwambia Mboje kwamba tayari, na Mboje, bila kugeuka, akauliza kama amekumbuka kuzima na kuchomoa ufunguo. Mokami akazunguka mbele yake, akamwonyesha, uko kiganjani.